Siku ya tatu bila maziwa, ngano, mayai, soya na karanga, asubuhi zinanishinda, msaada tutani

mama_uyole

Habarini za jioni wapendwa. Naombeni mawazo yenu maana leo ndo siku ya tatu na kiukweli naona hata wiki sifiki. Niko Mbeya hapa Uyole, miaka 38, watoto wawili. Mwaka na nusu sasa tumbo linanisumbua, nikila tu linajaa gesi linakaza kama ngoma, halafu vipele vinavyowasha mikononi na shingoni, vinakuja vinaondoka. Choo nimepima mara mbili, hakuna minyoo wala amiba, vidonda vya tumbo nimepima wakasema hamna. Mwisho daktari akanipeleka kwa dada wa lishe, akanikalisha karibu saa nzima, akaniambia kwa wiki tatu niache maziwa na kila kinachotokana na maziwa, ngano, mayai, soya na karanga, kila ninachokula niandike kwenye daftari, baada ya hapo tutaanza kurudisha kimoja kimoja tuone mwili unasemaje.

Mchana na usiku naweza. Asubuhi ndo shida. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua, na kwetu asubuhi ni chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati au andazi, tangu nikiwa mtoto ni hivyo. Siku ya kwanza nilikunywa uji wa lishe kikombe kikubwa nikaenda kazini, nikaona hii naiweza. Chai nimeacha kabisa maana ya rangi sikuwahi kuizoea. Siku ya pili kuanzia mchana kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho, nikameza dawa ya maumivu kikatulia kidogo kikarudi. Na leo asubuhi nawachemshia watoto maziwa, haya tunayochukua kwa jirani yana mafuta mengi, yakapanda, ule utando wa juu ukajikunja pembeni ya sufuria nikautoa na kijiko nikauweka mdomoni, nimeshameza ndo nakumbuka. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nimechoka kuumwa jamani na hii ndo njia niliyobaki nayo, nikiiharibu sijui nitaenda wapi tena.

Je nianze kuhesabu upya? Kichwa hiki ni njaa au nikapime malaria? Na Jumamosi kuna kipaimara kwa shemeji yangu Tukuyu, nikifika pale nitakula nini?

wa_tukuyu

Pole sana dada yangu. Hii kitu mimi nimeipitia, yangu ilikuwa maziwa peke yake, lakini sikujua mpaka nilipoyaacha, na huku kwetu kuacha maziwa unajua ni jambo zito, kila nyumba ina ng'ombe.

Kichwa kwanza. Ulikuwa unakunywa chai vikombe vingapi kwa siku? Maana mimi nilikuwa napiga vitatu vinne, nikaacha maziwa na chai kwa pamoja kama wewe, siku ya pili nikadhani nakufa. Ile ni kafeini ya kwenye majani. Mwili ukishaizoea ukaikata ghafla kichwa kinaanza ndani ya siku moja hivi, siku ya pili ndo kinakuwa kibaya zaidi, kinaweza kukaa hata wiki. Wewe hukukatazwa chai, umekatazwa maziwa. Kunywa chai ya rangi dada, weka tangawizi ya kutosha, mdalasini, sukari kidogo. Majani tunayo hapa hapa Rungwe, hata ladha yake bila maziwa utaanza kuisikia siku ya tatu ya nne. Ukitaka kuacha na chai pia fanya hivyo baadaye na punguza polepole, sasa hivi usijipe vita mbili kwa wakati mmoja. Ila ukisikia homa ya kweli nenda kapime, usiseme ni chai.

Jumamosi usiende na njaa. Kula kabla ya kutoka nyumbani mpaka ushibe. Na mpigie shemeji yako mapema, usimwambie uko diet, watu wetu ukisema diet wanajua unataka kupungua watakulazimisha, mwambie daktari amenikataza hivi na hivi kwa wiki tatu. Neno la daktari linaheshimika. Muombe akuwekee ndizi na nyama pembeni kabla hawajaunga na kitu kingine. Wali sawa, nyama ya kuchoma sawa. Angalia sana mboga za majani, huku wengi tunaunga na karanga za kutwanga na kwa macho hauzioni.

jikoni_makambako

Samahani naingilia, mi ni mama lishe, nimesoma mara mbili nikashtuka. Mama Uyole huo uji wa lishe umeusaga mwenyewe au umenunua? Maana unga wa lishe wa huku karibu wote una soya na karanga na wengine wanatia ngano humo humo, ndo unavyotengenezwa, mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano. Kama ndo huo basi siku zote tatu ulikuwa unakula vitu vitatu ulivyokatazwa na hujui!!

Nenda kaangalie pakiti sasa hivi kabla hujalala.

mama_uyole

Mungu wangu. Nimeangalia. Mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano. Vyote vimo. Nimenyamaza tu hapa nashindwa hata kuandika.

jikoni_makambako

Usikate tamaa mdogo wangu, afadhali umejua siku ya tatu kuliko siku ya ishirini, ungekaa wiki tatu zote halafu useme sijapona kumbe ulikuwa hujaanza.

Sasa sikiliza, mi nawapikia watu asubuhi kila siku najua tumbo la baridi linataka nini, linataka kitu kizito na cha moto. Uji upo, tafuta ulezi mtupu, upepete uuoshe uanike, upeleke mashineni usagwe peke yake, na muombe wa mashine asage ulezi wa mtu mwingine au mahindi kwanza kabla ya wako kama ametoka kusaga karanga au ngano, maana zile za mwanzo zinabaki ndani. Uji wa ulezi na limao na sukari unakupeleka mpaka saa sita. Siku nyingine viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, unamenya usiku, unaweka kwenye sufuria na maji kabisa, asubuhi unawasha tu. Hapo kwenye usiku ndo penyewe, ukiamka hakuna kilichoandaliwa na mtoto ana andazi mkononi utakula andazi, hata mimi ningekula. Mi ningekuwa wewe ningechemsha viazi mviringo vingi jioni, Uyole viazi siyo vya kutafuta, asubuhi nakata navigeuza na kitunguu na nyanya kwenye mafuta ya alizeti na chumvi, dakika kumi, nasindikiza na ile chai ya tangawizi aliyosema kaka. Maharage ya jana pia yanapashwa, ila kwa kuwa una gesi loweka usiku kucha umwage yale maji upike na mengine, na uanze kidogo.

Vitumbua usinunue njiani. Ni vya mchele lakini wapo wanaotia ngano kidogo ili vishikane. Na zile chumvi za kuungia mchuzi za pakiti na vidonge vya supu achana navyo wiki hizi tatu, nyingine zina ngano au soya au maziwa. Majarini pia geuza kopo usome. Tui la nazi halina shida, lile siyo maziwa ya ng'ombe.

mzee_igawilo

Mwanangu pole. Mimi nina wasiwasi na haya mambo. Wazazi wetu walikunywa maziwa na kula karanga maisha yao yote na walikuwa na nguvu ya kulima mpaka uzeeni. Unamkataza mtu vyakula vitano, na vyote ni vyakula vya kujenga mwili, si atadhoofu? Mtoto wa ndugu yangu aliacha vyakula hivi na hivi kwa kusikia tu kwa watu akabaki mifupa. Ningeshauri urudi hospitali wakupime vizuri zaidi.

nesi_iringa

Kamwene wote, na shikamoo mzee. Hofu yako ni ya kweli na nashukuru umeisema, maana watu wanaoacha vyakula kwa kusikia tu wapo na wanadhoofu kweli, hasa watoto. Lakini mama huyu amepimwa kwanza, na ametumwa na mtu wa lishe, na muda una mwisho. Wiki mbili mpaka sita ndo huwa inatosha, siyo mlo wa maisha. Lengo ni kujua adui ni nani, vile visivyo na hatia vyote vinarudi mezani. Na kwenye hizo wiki protini ipo, nyama, kuku, samaki, dagaa, maharage, njegere. Kuhusu wazee wetu na maziwa, wengi walikuwa wanakunywa ya mgando, na yale bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Hiyo sukari inaitwa laktosi, mtu mzima kimeng'enya cha kuivunja mara nyingi kinapungua, sasa isipovunjwa inashuka mpaka utumbo mpana inachachuka huko ndo gesi na kuharisha.

Mama Uyole, kuna jambo moja nataka nikuulize. Kabla ya kuacha ngano walikupima damu kwa ajili ya ugonjwa wa seliaki, ule wa utumbo kukataa ngano? Kipimo kile kinataka uwe unakula ngano, ukishaacha kwa wiki kadhaa kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Kama hawakupima mpigie dada wa lishe kesho umuulize kabla hujaendelea, ni siku moja tu haikupotezei kitu.

Na lingine, hili ni kwa wote wanaosoma. Kama umewahi kula karanga au yai au chochote midomo ikavimba, ukapumua kwa shida, ukataka kuzimia, hicho chakula usije ukakirudisha mwenyewe nyumbani eti unajaribu. Hicho kinajaribiwa hospitali tu penye dawa na watu. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo nao wasifanye bila mtu wa kuwaangalia.

Swali lako la kuhesabu upya: ule utando wa maziwa peke yake ningesema andika saa na kiasi, endelea. Lakini kwa sababu ya uji, ndiyo mama, siku ya kwanza ni ile utakayoanza bila uji huo. Siku hizo tatu usizifute kwenye daftari, ziache, zinaonyesha ulikuwaje ukiwa bado unakula soya, karanga na ngano.

mzee_igawilo

Nimekuelewa vizuri binti yangu. Marahaba. Basi na aendelee.

mama_uyole

Nimerudi wapendwa wangu, nilisema sitawaacha bila taarifa.

Nilimpigia dada wa lishe asubuhi ile ile. Kipimo cha seliaki hawakunifanyia, akaniambia nisiache ngano kwanza, niende, nikaenda wakatoa damu, majibu yakatoka hakuna, ndo nikaanza rasmi. Dada wa Iringa hili ningelijulia wapi mimi, asante. Na chai ya rangi niliinywa usiku ule ule niliosoma hapa, vikombe viwili, kabla sijapanda kitandani kichwa kilikuwa kimeachia kabisa, na nilikuwa tayari nimeweka nauli ya kwenda kupima malaria.

Kipaimara kilipita nikiwa bado nasubiri majibu, lakini nilifanya kama nimeanza ili nijaribu. Shemeji nilimpigia Alhamisi, akasema mbona hukusema mapema, nimefika nakuta sufuria dogo pembeni ya moto limefunikwa na jani la mgomba, ndizi na nyama, ameweka mtoto alinde mtu asitie kitu. Wakati wa keki nilitoka nje nikaenda kuosha vyombo na kina mama mpaka wakamaliza kulishana. Wa Tukuyu ndaga fijo.

Ulezi nimesagisha kilo tano Mwanjelwa, kijana wa mashine alisaga mahindi ya mteja mwingine kwanza kisha wa kwangu. Viazi namenya saa mbili usiku watoto wakiwa wanafanya homuweki. Maziwa ya watoto sasa anachemsha baba yao, nilimwambia ukweli kwamba sufuria lile linanishinda, hakuuliza mara mbili.

Leo ni siku ya tisa. Tumbo halikazi tena jioni, nguo niliyovaa asubuhi navua usiku haijanibana. Vipele bado, mkono wa kulia vinawasha usiku, nimeandika. Kuna kitu kimoja bado nauliza, wakati wa kurudisha nianze na kipi? Mi moyo uko kwenye maziwa.

nesi_iringa

Hongera sana mama. Vipele vipe muda, ngozi inachelewa kuliko tumbo. Cha kuanza nacho mpangie na dada wa lishe, lakini mimi maziwa ningeyaacha mpaka mwisho, kwa sababu ndo unayoyapenda na ndo ninayoyashuku zaidi kwa hiyo gesi, yakikuvuruga mwanzoni utasubiri mpaka utulie ndo uendelee na kingine. Ningeanza na yai. Siku ya kwanza kipande, siku ya pili zima, siku ya tatu huongezi kitu unaangalia tu, na siku hizo zote chakula kingine kibaki kile kile cha kila siku. Ukiona kimya unalitoa tena yai unaenda kwenye kinachofuata, usianze kulila kila siku kabla hujamaliza vyote vitano.

mama_uyole

Sawa dada, yai. Nimeshaandika kwenye daftari ukurasa wa siku ya 22, nusu yai la kuchemsha, saa moja asubuhi, na chai ya rangi.

jikoni_makambako

Lichemshe usiku.