Kikundi cha Familia: Kilomita 600 kwa Gari la Umeme

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Kama tulivyokubaliana, tutakwenda harusini kwa gari la umeme la kaka Salim, na njia ni ya kilomita 600. Betri yake ni ya kilowati-saa 60, na ikijaa gari huonyesha kwamba litakwenda kilomita 400. Mjomba, je, tukisimama mara moja kuchaji itatosha?

Mjomba: Marahaba, mwanangu. Hiyo 400 msiitegemee. Gari hukadiria kwa kuangalia lilivyoendeshwa siku za karibuni, naye Salim huliendesha mjini kwa mwendo wa taratibu, ambapo kila akipunguza mwendo mota hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Barabara kuu ina hesabu yake. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka kwa takriban asilimia 78, kwa sababu hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kwa watu wanne na mizigo yao, hesabuni kilowati-saa 18 kwa kila kilomita 100, yaani kilomita 330 hivi kwa betri nzima, nanyi hamtaitumia yote. Simameni mara mbili.

Baraka: Shikamoo Mjomba. Kwa nini wasisimame mara moja katikati ya njia, wakajaza mpaka asilimia 100, kisha wakaenda moja kwa moja?

Mjomba: Marahaba, Baraka. Karatasini inawezekana, lakini watakaa kituoni muda mrefu na bado watafika betri ikiwa karibu tupu. Chaja ya haraka hujaza upesi pale betri inapokuwa na chaji kidogo. Ukisimama kando yake ukatazama kioo chake, utaona imeanza labda na kilowati 100 huku feni za gari zikivuma, kisha nambari inashuka pole pole, na baada ya asilimia 80 inaporomoka hadi 30 au chini ya hapo. Haijaharibika. Seli za lithiamu zinapokaribia kujaa, kompyuta ya gari hupunguza mkondo kwa makusudi, kwani ikilazimisha, lithiamu inaweza kujipaka juu ya elektrodi ikiwa metali na kuidhuru betri moja kwa moja. Ndiyo maana nasema ikifika 80 chomoeni, mwondoke.

Shangazi: Shemeji, mimi hofu yangu ni moja. Tukifika kituoni usiku, tuna watoto garini, tukakuta chaja ni mbovu, tutafanya nini?

Mjomba: Shemeji, hofu hiyo ina msingi, na mpango wote naupanga kwa ajili yake. Kituo cha kwanza kiwe kwenye kilomita ya 230 hivi. Mkiondoka na betri iliyojaa, mtafika hapo na karibu asilimia 31, kwa hiyo kikiwa kibovu mna uwezo wa kwenda kilomita 60 zaidi kutafuta kingine bila kugusa akiba ya asilimia 10. Kituo cha pili kiwe karibu na kilomita ya 430, nacho pia kiwe na kingine jirani. Akiba hiyo isiguswe hata mkiwa mmechelewa; juu ya hilo sikubali mjadala. Halafu, ikiwezekana, ondokeni alfajiri ili vituo vyote viwili mvifikie mchana.

Salim: Ahsante sana, Mjomba. Soketi ya kuchajia ya gari langu ni ya aina ya CCS2. Naona kwenye ramani kuna kituo kimoja cha CHAdeMO, aina nyingine ya plagi, kilicho karibu zaidi na njia yetu.

Mjomba: Hicho kiache, plagi yake haitaingia. Angalia pia nguvu ya kila chaja, kwa kuwa ramani huziweka zote pamoja: chaja ya kilowati 7 ingehitaji takriban saa 6 kuongeza asilimia 70 za betri yako. Tafuta zenye kilowati 100 au zaidi, na usome watumiaji wa mwisho wameandika nini juu ya kila kituo. Ukitaja kituo kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari lenyewe, magari mengi ya sasa huanza kuitayarisha betri kwa joto linalofaa kabla hujafika, na kuchaji huenda haraka zaidi. Mizigo iingie yote ndani, juu ya paa msiweke kitu, na upepo wa matairi upimwe kabla ya kuondoka.

Salim: Nitaliacha kwenye chaji ya nyumbani usiku kucha, na nitalipangia lifikie asilimia 100 karibu na saa ya kuondoka.

Shangazi: Basi nimeridhika. Zuhura, mwanangu, chagua vituo vyenye vyoo na kivuli, maana watoto watahitaji kunyoosha miguu.

Zuhura: Sawa, Shangazi. Kesho nitaleta hapa majina ya vituo vinne, viwili vya kusimama na viwili vya dharura, ili Mjomba avipitie kabla hatujathibitisha.

Mjomba: Vilete, na uniandikie umbali wa kila kimoja kutoka kwa kilichotangulia.