Gumzo la ukoo: ree mbili za Iddi

*Kikundi: UKOO WA UJIJI 🌴 (wanachama 31)*

Iddi: Shikamooni wakubwa. Jamani nimetolewa na ree mbili 😭 Ree mbili! Mtu ana 7 na 5!

Ba'mdogo Rama: Marahaba. Ree mbili kwenye albastini?

Iddi: Hapana ba'mdogo, poka ya mtandaoni. Shindano la kiingilio dola moja.

Shangazi Tatu: Marahaba. Dola moja au mia, kamari ni kamari. Haramu.

Kaka Shabani: Shangazi tunakusikia. Iddi, hebu eleza wewe ulichezaje. Ya mwenzako yaache kwanza.

Iddi: Meza ya watu 9. Madau ya lazima, yale wawili wanaweka kabla ya karata, ni 50 na 100. Nina chipu 3,000. Nimekaa wa mwanzo kucheza, napewa ree ya kopa na ree ya pau. Nikajifanya mnyonge, nikalipa 100 tu wasishtuke. Watatu wakafuata, na yule wa 100 ya lazima akabaki humohumo. Zikashuka mezani karata tatu za wote: 9 ya uru, 8 ya uru, 6 ya jembe. Nikasukuma zote. Kumbe jamaa wa 7 na 5 kashaunga 5 mpaka 9 🤦🏾‍♂️

Kaka Shabani: Jamaa huyo ndiye mwenye dau la lazima?

Iddi: Ndiye.

Kaka Shabani: Basi kaingia bure. Hakuongeza hata chipu moja kuziona hizo karata tatu.

Iddi: Kaka, bahati mbaya tu. Wakali wote huwa wanaficha karata kubwa.

Da Mwasiti (Tabora): Nimetoka kusahihisha mitihani nakuta ukoo uko kasino 😂 Iddi, kupewa ree mbili ni 4/52 × 3/51. Mara 1 katika 221. Zikija ndiyo unataka kulipwa kidogo?

Da Mwasiti (Tabora): Halafu angalia. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile zinashinda kama mara 85 katika 100. Wakiwa wawili, 73. Wanne, kama wageni wako wa jana, 56.

Iddi: 56 si bado zaidi ya nusu, da Mwasiti?

Kaka Shabani: Ni zaidi ya nusu, na wanne si tatizo. Tatizo wameingia kwa 100. Ungepandisha mpaka 350 na wanne wakafuata, ningekupa hongera hata ungetolewa. Kwanza huyo wa 7 na 5 angejiuliza mara mbili. Na akifuata, amefuata kwa hasara yake, siku nyingi atakuachia chipu zake.

Ba'mdogo Rama: Sijui poka, ila hapa Kibirizi mnunuzi akishafika na hela mkononi, huwezi kumfichia gunia la dagaa safi nyuma ya wale waliolowa mvua. Unamficha ili iweje? Si kaja kununua!

Kaka Shabani: 👆🏾 Ba'mdogo kamaliza. Meza za dola moja watu hawatupi karata. Mwenye mfalme na bibi anafuata, mwenye 4 mbili anafuata, mwenye ree na takataka anafuata. Wewe unatega wasikimbie, nani alikuwa anakimbia?

Iddi: Sasa kwa nini kuficha kupo?

Kaka Shabani: Kupo kwa sababu wapo watu wa kuvamia. Nyuma yako akiwepo kichaa anayepandisha kila mkono, hapo lipa kidogo unyamaze, atapandisha yeye, nawe umrudishie kubwa. Au mmebaki wawili, mwenzako chipu zake zimeisha isha, ukipandisha atalala, yaani atatupa karata: mwache ajilete mwenyewe. Lakini hawa wa dola moja wengi ni wafuataji, siyo wavamizi. Ukinyamaza na wao wananyamaza, mpaka karata ya mwisho mnaangaliana tu, umevuna nini?

Da Mwasiti (Tabora): Na zikishuka mezani ree, 7 na 2, kila moja aina yake?

Kaka Shabani: Hapo sawa, tulia raundi moja. Iddi ana ree tatu, wa kuunga ni wa kubahatisha, na hakuna wa kujaza aina. Mwenzake apewe nafasi ya kupata japo jozi. Ila 9, 8, 6, uru mbili? Hiyo siyo meza ya kutulia, kila mtu ana kitu.

Mama Iddi: Kumbe bando la wiki linaisha siku mbili ni huku 🙄

Iddi: Mama, yule Mmarekani Chris Moneymaker alianzia shindano dogo la mtandaoni, 2003 akachukua ubingwa wa dunia. Watu 839, kapewa dola milioni 2.5!

Mama Iddi: Wewe umepewa nini?

Ba'mdogo Rama: 😂😂😂

Da Mwasiti (Tabora): Mama usimuumize. Ila hao wengine 838 hatuwasikii wakitajwa.

Kaka Shabani: Kingine Iddi, shindano si kama meza ya pesa, ambako chipu ni hela yenyewe. Madau ya lazima yanapanda kila baada ya dakika kadhaa, na mengi ukitolewa hununui chipu nyingine. Mikono mizuri ni michache, mmoja ukiupoteza kwa ujanja unakaa unaliwa kidogo kidogo mpaka unabaki na za kusukuma tu.

*Saa 3:47 usiku*

Iddi: Kaka nimepata wafalme wawili!! Madau 10 na 20, nimepandisha 60. Wote wamelala 😡😡 Si ningeficha?

Kaka Shabani: Umechukua 30 bila jasho. Kesho watafuata. Endelea hivyohivyo.

Shangazi Tatu: Iddi si ulisema umetolewa?

Iddi: Hili ni shindano lingine shangazi.

Shangazi Tatu: Kwa hiyo dola ya pili.

Iddi: 🚫 *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Tatu: Nimeshausoma. Dola ya tatu.