Saa za kuingia kwenye mfumo: kanda tatu za saa, jedwali moja

msimamizi_mpya:
Wakuu, naombeni mwongozo. Nimekabidhiwa Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za watumiaji) yenye watu London, Mumbai na Auckland. Agizo ni kila mtu aingie saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa saa za kwake, Jumatatu hadi Ijumaa. Nimekuta jedwali la saa za kuruhusiwa kuingia limejazwa kutoka London, moja kwa wote. Sasa hivi, Januari, Auckland wanafunguliwa saa 3 usiku na Mumbai saa 7 na nusu mchana. Naanzia wapi?

fundi_zamu:
Pole mkuu. Anzia kwenye `logonHours` yenyewe, sehemu ya akaunti inayotunza saa hizo. Ni baiti 21, yaani biti 168, moja kwa kila saa ya wiki, na hesabu inaanza Jumapili 00:00 UTC (saa za kimataifa; Januari ni sawa na za London). Dirisha unalobofya kujaza jedwali linakuonyesha saa za kompyuta yako wewe, si za mtumiaji.

Auckland sasa iko UTC+13. Jumatatu saa 2 asubuhi kwao ni Jumapili 19:00 UTC. Ukiifunga Jumapili yote ya UTC, umewazuia asubuhi nzima ya Jumatatu, na wanaoumia ni watu waliowahi kazini. Kwao fungua Jumapili 19:00 hadi Jumatatu 05:00, uendelee hivyo mpaka Ijumaa 05:00.

Mumbai ni UTC+5:30, na biti haigawanyiki nusu saa. Fungua 02:00 hadi 13:00 UTC. Watapata nusu saa ya ziada kila upande. Mimi nasema bora kuzidisha kuliko kumkatalia mtu mlangoni.

msimamizi_mpya:
Asante sana. Saa zikisogezwa mbele au nyuma kwa majira je? Na aliyekwisha kuingia, muda ukiisha anatolewa?

fundi_zamu:
Biti hazisogei zenyewe. London hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. New Zealand, Jumapili ya mwisho ya Septemba na ya kwanza ya Aprili. India haibadilishi. Weka kundi kwa kila ukanda, kisha skripti ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) ipitie wanakundi na kuwaandikia upya `logonHours` kila tarehe hizo.

Aliyemo hatolewi. Ipo sera ya kukata miunganisho ya SMB (ya mafaili ya pamoja kwenye mtandao) muda ukiisha, lakini dawati lake la kompyuta linabaki wazi.

kesha_seva:
Naongezea: usitafute pa kuweka saa hizi kwenye Group Policy (sera za pamoja za Windows), zinakaa kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja. Jaribu kwanza na akaunti moja ya Auckland, na uijaribu asubuhi ya Jumatatu yao.