Kereng'ende wanataga mayai kwenye paneli za sola. Nifanyeje?

mlinzi_bwawa: Wakuu, paneli 12 nyeusi ziko mita 40 kutoka bwawani, zimelazwa karibu bapa. Kereng'ende wanashuka, wanadonadona kioo kwa ncha ya mkia kama wafanyavyo majini, na mayai yanakauka hapohapo. Hakuna taa yoyote karibu. Naweza kuzuia bila kupoteza umeme mwingi?

pembe53: Taa hazihusiki. Mwanga ukigonga maji kimshazari huakisiwa ukitetema zaidi kwa mlalo, na mtetemo huo ndio unaomwambia mdudu "hapa ni maji". Kioo laini juu ya rangi nyeusi hutoa alama hiyo kwa nguvu kuliko maji yenyewe, kwa kuwa weusi haurudishi mwanga wa ndani wa kuififisha. Ndiyo maana jike anaacha bwawa halisi na kumaliza mayai yake kwenye kioo. Lami, magari meusi na plastiki nyeusi ya shambani vinawadanganya vilevile.

Pima kwa miwani ya jua ya polaraizi (inayozuia mwanga unaotetema mlalo). Simama mbele ya paneli, utazame kioo kwa pembe ya nyuzi 35 hivi kutoka usawa wake. Miwani ikikaa kawaida, kioo kinakuwa giza. Izungushe robo duara, anga linang'aa juu yake. Tofauti ikiwa kubwa, mtego ni mkali. Paneli iliyoinamishwa usiipimie ubavuni, maana huko mtetemo nao umeinama.

fundi_seli: Dawa ni mistari myeupe. Katika majaribio ya mtafiti Horváth na wenzake, yaliyochapishwa 2010, paneli zilizogawanywa kwa mistari myeupe zilivutia wadudu mara 10 hadi 26 pungufu. Bandika utepe mweupe wa kuhimili jua juu ya nafasi kati ya seli (vile vipande vinavyozalisha umeme) na kando ya fremu tu. Tafadhali usipitishe juu ya seli: zimeungwa mfululizo, iliyofunikwa hubana mkondo wa wenzake, hupata moto na inaweza kuungua.

mlinzi_bwawa: Na kioo kisichong'aa?

fundi_seli: Hupunguza polaraizesheni (ule mtetemo wa mlalo), ila hunusuru baadhi ya spishi tu. Anza na utepe kwenye paneli 6, ziache 6 zilivyo, uhesabu wanaotua saa ileile kila siku. Ukinunua mpya, chagua zenye mgongo mweupe unaoonekana kati ya seli. Mistari inakuja nazo.