Flashi kompyuta inaiona, mimi siioni! Wiki tatu nahangaika kumbe ni mstari mmoja fundi aliacha

Jamani nafungua huu uzi nikiwa na hasira na sitaificha.

Wiki tatu. Wiki tatu nzima nimekaa hapa dukani kwangu Langoni, Amu (Lamu), mtu anaingia na flashi anataka kuprinti kurasa mbili tu, naichomeka, kijitaa cha flashi kinawaka, nangoja, hakuna kitu. Ikoni haiji, dirisha halifunguki, hata ujumbe wa kosa hakuna. Mteja ananiangalia na mimi namwangalia. Mwishowe anachukua flashi yake anavuka njia anaenda kwa mwenzangu mwenye Windows, huko inafunguka papo hapo. Na mji wetu mnaujua ulivyo mdogo, ukishatangazwa kwamba kwa fulani flashi hazisomi, habari ishafika Shela kabla hujafunga mlango wa adhuhuri.

Najua wapo watakaoniambia rudi Windows. Mashine zangu ni tatu, zote za zamani, Windows 11 hazikubali, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya saiba inaingia flashi za mji mzima, siwezi kukaa na kitu kisichopata apdeti. Nikawekewa Linux Mint, mfumo wa kutumia badala ya Windows, ile yenye deskitopu ya Xfce, nyepesi, mashine zikapata uhai, na vile virusi vya kugeuza folda za watu kuwa shotikati vikaisha dukani kwangu. Kwa hiyo siichukii Linux, naipenda, na ndiyo maana imeniuma hivi.

Wiki ya kwanza kila mtu aliisingizia chumvi. Ati pwani hapa matundu ya USB yanaliwa na kutu. Ni kweli yanaliwa, nimeshabadilisha kibodi kwa sababu hiyo, lakini mausi nikiichomeka tundu lile lile inafanya kazi! Nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikanunua waya wa kurefusha, pesa imetoka bure.

Na kilichonitia wazimu hasa ni kwamba ilikuwa haitabiriki. Siku nyingine flashi zote zinafunguka kuanzia asubuhi mpaka jioni, nasema alhamdulillahi yamekwisha. Kesho yake hata moja haionekani.

Basi nikauliza kwenye magrupu. Subhanallah, majibu! Mmoja ananiambia niweke hal, programu ya zamani ya kutambua vifaa, ambayo Ubuntu (Linux ambayo Mint imejengwa juu yake) walishaanza kuiondoa tangu 2010, kanakili pahali bila kuangalia ni cha lini. Mwengine anasema instoli upya mashine nzima. Wa tatu anataka nichomeke flashi kisha niandike sudo mount, yaani niifungue kwa amri ya mkono, kwenye teminali kila mara, yaani foleni ya watu mpaka nje, wengine wanataka kupeleka ritani za kodi za KRA, na mimi kila mteja nimuandikie amri mbili na pasiwadi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza flashi inafika wapi na inakwama wapi.

Halafu akatokea wa kusema, kwa uhakika kabisa, "hiyo flashi imeharibika, fomati itakaa sawa."

Siku hiyo flashi iliyokuwa imechomekwa ni ya Maalim mmoja wa mtaani kwetu. Ndani mna sauti za darsa za Ramadhani za marehemu mwalimu wake, zilirikodiwa miaka na miaka, na nakala nyingine hana. Alitaka nimtilie kwenye simu tu. Kijana ninayefanya naye kazi akasoma lile jibu, akafungua GParted, programu ya kufomati diski, flashi akaiona pale imepewa jina la sdb, akaifomati. Na mimi ndiye niliyemwambia afuate majibu ya wajuzi, kwa hiyo simlaumu yeye. Ikamaliza. Tukaitoa, tukaichomeka tena. BADO HAIKUONEKANA. Yaani tumemfutia mzee kumbukumbu zake na tatizo liko pale pale, kwa sababu flashi haikuwa na ubaya wowote!

Nilipomwambia hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza." Afadhali angenitukana.

Usiku ule sikulala, nikaamua nitafute mwenyewe. Na nimeona, kwa hiyo someni vizuri, yasije yakamkuta mtu mwengine.

Flashi ukiichomeka inapita mikononi mwa wengi. Kerneli, ndio moyo wa mfumo, inaiona kwanza, andika dmesg utaikuta imetajwa mpaka jina la aliyeitengeneza na GB zake. Kisha udev anaisajili, kisha yuko udisks2 ambaye ndiye wa kuifungua, kisha gvfs na Thunar (dirisha la mafaili la Xfce) ndio wanaokuonyesha wewe kwenye skrini. Mmoja tu akinyamaza katikati, wewe huoni kitu na hakuna anayekwambia nani kanyamaza. Hapo ndipo ninapowalaumu wanaotengeneza hizi deskitopu. Kompyuta inajua kuna kitu kimechomekwa, kwa nini isiniambie "ipo, ila nimeificha kwa sababu kadha"? Sentensi moja tu ingeniokolea wiki tatu na darsa za Maalim.

Sasa sikilizeni kilichonifumbua macho. Nilichomeka flashi mbili kwa pamoja. Ya kwanza haikuonekana, ya pili ikaonekana. Nikazitoa zote, nikaigeuza ile ya pili ikawa ya kwanza. Ikapotea, na ile iliyokuwa haionekani ndiyo ikaja! Hapo nikajua si flashi, si tundu, ni nafasi. Mashine ina diski moja ambayo ni sda, kwa hiyo flashi ya kwanza kuingia inaitwa sdb na ya pili sdc. Kila kinachoitwa sdb kinafichwa.

Nikafungua faili la /etc/fstab, ndimo mfumo unamoandikiwa diski gani ifunguliwe pahali gani. Chini kabisa nakuta mstari ambao sikuuweka mimi: /dev/sdb1, /mnt/flash, vfat, noauto. Ni yule fundi aliyeniwekea Linux. Siku ile alihamisha mafaili yangu ya zamani kwa flashi yake, akajirahisishia kazi kwa mstari wa fstab, akamaliza, akachukua pesa yake, akapanda boti kwenda Mokowe, na mstari akauacha. Mashine zote tatu, nimekagua, mstari ni ule ule.

Ubaya wake ni huu. Hayo majina ya sdb na sdc si ya kifaa, ni ya zamu. Ni kama pale jeti, useme boti itakayofunga kamba ya kwanza asubuhi ndiyo ya fulani, basi kila siku inakuwa boti ya mtu mwengine. Na deskitopu ikikuta kifaa kimeandikwa kwenye fstab kwamba pahali pake ni huko /mnt, inakihesabu ni mali ya mfumo, si kitu cha kumuonyesha mtumiaji, inakificha. Kwa hiyo kila mteja wa kwanza kuchomeka, flashi yake inavishwa jina la flashi ya fundi aliyeondoka zamani.

Na zile siku nzuri? Ni printa yangu ya picha za pasipoti, ina tundu la kadi ya kamera, na ikiwashwa lile tundu linajisajili kama diski hata kama halina kadi. Nikiiwasha printa mwanzo inachukua sdb yenyewe, flashi za watu zinakuwa sdc, zinaonekana. Stima ikipotea ikarudi, nawasha kompyuta peke yake, printa mpaka aje mtu wa picha. Hapo flashi zinapotea tena. Wiki tatu nimefikiri ni jini kumbe ni printa!

Dawa nilifanya hivi, nikanakili fstab kwanza iwe na nakala, nikaweka alama ya # mbele ya ule mstari mmoja tu (mingine usiiguse, ukikosea mashine haitawaka), nikaizima nikaiwasha. Flashi ikaja na ikoni yake kabla sijaondoa mkono. Nilikaa kitako nikaiangalia tu.

Kwa mwenye tatizo kama hili, usikubali kuambiwa fomati. Chomeka flashi, andika lsblk -f, amri ya kuorodhesha diski na flashi zote zilizoonekana. Isipotajwa kabisa pale, hapo ndipo uitafute kutu, waya au flashi iliyokufa. Ikitajwa, basi kerneli imeiona na shida huenda iko kwa wale wanaofuata, angalia fstab kwanza. Fstab ikiwa safi jaribu udisksctl mount -b /dev/sdb1 (uweke jina ulilolikuta wewe) bila sudo. Ikifunguka ikaenda /media basi ni mipangilio ya deskitopu tu, kwenye Xfce angalia kama thunar-volman (ndiyo ya kufungua flashi zenyewe) na gvfs zipo na kama umeruhusu flashi zifunguke zenyewe. Ikigoma isome inasema nini, kama flashi imefomatiwa kwa mtindo wa exFAT na mfumo wako ni wa kabla ya kerneli 5.4 ya 2019 huenda unakosa programu yake, na kama ni ya mtindo wa NTFS iliyochomolewa kwenye Windows bila kufungwa vizuri, irudishe huko ikafungwe.

Na nyinyi mafundi, nawaambia bila kupepesa macho. Ukigusa faili la mfumo kwenye mashine ya mtu, MWAMBIE. Muandikie kwenye karatasi. Kama mstari ulikuwa wa kazi yako, ufute ukimaliza. Mimi ni mtu wa duka, nilikulipa kwa sababu sijui, ukatumia kutojua kwangu kuniachia takataka zako.

Maalim hajaniacha mkono. Baada ya ile fomati hatukuandika kitu chochote juu ya flashi, hiyo ndiyo iliyotuokoa, nimeipitisha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, na sauti nyingi zimerudi. Lakini zimerudi bila majina, zote ni herufi f na manambari, na nyingine zimekatika katikati. Kila siku baada ya Isha anakuja, anakaa kiti cha wateja, nampa hedifoni, anasikiliza kidogo amefumba macho kisha anasema ni sura gani na Ramadhani ya mwaka gani, naandika. Jana tumefika faili la thelathini na nne. Lile la thelathini na tatu lilikatika mwalimu wake akiwa katikati ya dua, akaniomba nimrudishie mwanzo, akasikiliza tena mpaka pale linapokatika.