Blanki (maji safi ya kulinganishia) ya PFAS, kemikali sugu za viwandani, imesoma 1.9: naruhusiwa kuitoa kwenye jibu la sampuli?

Bomba_Kuu: Wakuu, habari za kazi. Niko mamlaka ya maji ya mji wa watu 12,000 huku Marekani, maji ya visima, tunapima kwa njia 533 ya EPA, shirika la mazingira la huku. Majibu ya robo ya kwanza: PFOA, mojawapo ya PFAS, kwenye sampuli 5.1 ng/L (nanogramu kwa lita), blanki ya uwandani 1.9. Maabara inaripoti kuanzia 4. Bosi anataka tutoe 1.9 tubaki na 3.2, chini ya kikomo cha kisheria cha 4.0. Inakubalika? Na uchafu umetoka wapi? Bomba la sampuli lina tepu nyeupe kwenye nyuzi.

Maabara_Pwani: Haikubaliki, mkuu. Blanki haitolewi kwenye jibu. Kazi yake ni kuamua kama sampuli ni halali. Mpaka ni theluthi ya kiwango cha kuripoti, yaani 1.3. Ikivuka, PFOA ya sampuli zote zilizosafiri na blanki hiyo inatupwa, mnachukua upya.

Tepu msiilaumu. Ni PTFE (Teflon, jamii ya PFAS), itoeni, lakini maji ya blanki hayapiti bombani: yanatoka maabara, mnayamimina chupa kwa chupa pale kituoni. Tafuteni kilichogusa chupa: glavu iliyoshika kitasa cha gari, maji yanayodondoka kutoka koti la mvua, mfuniko uliolazwa juu ya boneti. Kabla ya yote, ombeni jibu la blanki ya ndani ya maabara, ile isiyotoka nje. Ikiwa nayo imevuka 1.3, tatizo ni lao.

Kisima7: Mkirudia: glavu mpya za nitrili zisizo na poda kila kituo, chupa za polipropilini za mililita 250, mifuniko isiyo na utando wa Teflon. Msisuuze chupa! Ndani mna amonia asetati, gramu 1 kwa lita, ya kudhibiti klorini; ukisuuza umeimwaga. Tiririsheni maji mpaka joto litulie, dakika 5 hivi. Katika saa 48 za kwanza yasizidi nyuzijoto 10. Maabara ina siku 28 za kutenganisha PFAS kwenye sampuli. Zile 14 ni za njia nyingine ya EPA, 537.1, watu huzichanganya.

Kanuni_za_Maji: Hata hiyo 3.2 isingemsaidia bosi. Kwenye upimaji wa awali, unaotakiwa kukamilika Aprili 2027, kizingiti cha PFOA ni 2.0, ukikifikia unaendelea kupima kila robo badala ya kila miaka mitatu.

Kikomo cha 4.0 chenyewe hakiangalii robo moja, bali wastani wa robo nne, na kilicho chini ya 4.0 kinahesabiwa sifuri. Mkipata 5.1, 3.6, 4.4 na 3.9, hesabu ni (5.1 + 0 + 4.4 + 0) ÷ 4 = 2.4. Mko chini ya kikomo. Tena kanuni ya 2024 iliweka utekelezaji wa kikomo Aprili 2029, na Mei 2025 EPA ikatangaza nia ya kuusogeza hadi 2031 kwa PFOA na mwenzake PFOS. Haraka ya kuchezea namba inatoka wapi?

Bomba_Kuu: Nimeomba blanki yao ya ndani. Chupa mpya nimeagiza, na safari hii blanki mbili kila kituo.