Naomba ushauri: nimesaini mkopo wa kampuni kama mkurugenzi na pia kama mdhamini

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima.

Mimi na mwenzangu tunamiliki kampuni yenye ukomo wa dhima, kila mmoja akiwa na nusu ya hisa, na sote ni wakurugenzi. Nilisoma juu ya kesi ya Salomon dhidi ya Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, iliyoweka wazi kwamba kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria, hivyo madeni yake si madeni ya wenye hisa. Niliegemea hapo kwa muda mrefu. Juzi, nikipitia mkataba wa mkopo tuliochukua kwa jina la kampuni, nikakuta ukurasa wa mwisho nimesaini mara mbili: juu, kando ya muhuri, kama mkurugenzi, kisha chini, kwa jina langu tupu, penye neno "mdhamini". Sikumbuki kuelezwa tofauti ya saini hizo, na kwa kweli jambo hili limeninyima usingizi.

Je, mkopeshaji anaweza kufuata mali yangu kabla ya kumaliza mali za kampuni, au hilo hutegemea maneno ya udhamini wenyewe? Nikiuza hisa na kujiuzulu ukurugenzi, udhamini unakoma, au unanifuata mpaka mkopeshaji anifungue kwa maandishi? Tena hatujawahi kuandikiana makubaliano ya wanahisa. Tukigongana kura moja dhidi ya moja, nani ana kauli ya mwisho?

Mwanasheria nitamwona, ila ningependa niende nikijua la kumuuliza na nyaraka za kubeba. Aliyepitia hali hii tafadhali anieleze alianzia wapi.